Kipupwe kinabisha hodi: nyumba ya kupanga iko tayari?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba katika nchi hii ya jua wako watu wanaopoteza maisha kwa sababu ya baridi, aghalabu hucheka. Kwake yeye mwezi Julai ndio mwezi wa raha. Feni inapumzika, jasho linakauka, na shuka moja inatosha. Lakini mwulize mkazi wa Njombe, Makete, Mbeya, Iringa, Lushoto au Arusha. Yeye hatacheka. Atakwambia habari za maji ya kunawa yanayouma vidole, na za watoto wanaokohoa kuanzia Juni mpaka Agosti.

Hata hivyo, ukichunguza utaona kwamba mara nyingi baridi yenyewe siyo inayoua. Kinachoua ni namna tunavyoikimbia. Tunafunga kila tundu, tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunalala. Wengine hawaamki. Kwa hiyo wiki hii, masika yakiwa yanatuaga na kipupwe kikiwa kinabisha hodi, ningependa tuzungumzie nyumba zetu za kupanga: nini kifanywe na mwenye nyumba, nini kifanywe na mpangaji, na kwa nini.

Kwanza tuelewe baridi hii inatoka wapi. Mwezi Juni jua huwa limehamia kaskazini mwa ikweta, nasi tulio kusini tunapata upepo wa kusi, mkavu na wa baridi. Juu ya hayo kuna suala la mwinuko. Kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Fanya hesabu mwenyewe: ni tofauti ya nyuzi 12 hivi na Dar es Salaam, siku ile ile, saa ile ile. Usiku wa kipupwe huko joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na katika uwanda wa Kitulo huonekana hata barafu nyembamba juu ya majani asubuhi.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Usiku wenye mawingu huwa na nafuu, lakini usiku wa nyota tele ndio wenye baridi kali. Sababu ni kwamba mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yasipokuwapo, joto la mchana hupaa moja kwa moja angani. Paa la bati nalo hupoteza joto lake kwa namna hiyo hiyo, na hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Ndiyo maana mtu aliyelala chini ya bati tupu, lisilo na dari, huamka akidondokewa na matone ya maji ilhali hakukunyesha mvua.

Maji hayo yametoka wapi? Yametoka kwetu wenyewe. Kila mtu anapolala hutoa mvuke kwa pumzi yake, takriban robo lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja. Wakilala watu wanne katika chumba, hiyo ni lita nzima. Ongeza nguo mbichi zilizoanikwa ndani. Ongeza jiko la mafuta ya taa: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke ambao ukikusanywa ungejaza chupa ya lita moja. Mvuke huo hutafuta mahali pa baridi ili ugeuke maji tena, nao hupapata kwenye bati, kwenye kioo cha dirisha na kwenye ukuta wa nje nyuma ya kabati. Hapo ndipo inapoota kuvu, ile mizizi myeusi inayonuka, ambayo wenye nyumba wengi husema imeletwa na uchafu wa wapangaji.

Siyo jambo dogo. Mwezi Desemba mwaka 2020, huko Rochdale nchini Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki dunia. Mwezi Novemba mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi kwamba mtoto huyo aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuvuta kwa muda mrefu hewa yenye kuvu, katika nyumba ya kupanga. Wazazi walikuwa wamelalamika kwa miaka. Walioimiliki nyumba walisema tatizo ni mtindo wa maisha wa familia hiyo. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwabana wenye nyumba za namna hiyo washughulikie unyevu na kuvu kwa muda uliowekwa. Hiyo ni Uingereza, nchi tajiri, yenye mabomba ya joto ndani ya nyumba. Sisi je?

Ndugu msikilizaji, niruhusu nikusimulie kisa kimoja. Zamani kidogo nilipanga chumba mjini Mbeya, katika nyumba yenye wapangaji sita. Hapo awali nyumba ile ilikuwa na banda la jiko uani. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole tu, akaona banda lile ni hasara, akalijengea ukuta, akalipangisha. Tangu siku ile kila mmoja wetu akawa anapikia mlangoni pake au ndani. Kisha mzee akaziba matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya madirisha, akisema yanaingiza panya na baridi. Sisi wapangaji tulimshukuru. Ukweli ni huo, tulimshukuru.

Usiku mmoja wa Julai nilisikia kishindo mlangoni kwa jirani yangu, dada mmoja fundi cherehani aliyekuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nilipotoka nilimkuta ameanguka kizingitini, mlango nusu wazi, mtoto yuko ndani. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, makaa yamefunikwa majivu, hakuna moshi hata chembe. Tuliwatoa wote wawili nje kwenye baridi ile ile waliyokuwa wakiikimbia, tukatafuta gari, tukawafikisha hospitali. Walipona. Baadaye alitueleza kwamba aliamka kichwa kinamgonga, akadhani ni malaria, akajaribu kusimama amtafutie mtoto maji, miguu ikamkatalia. Kama asingefika mlangoni, asubuhi tungekuwa tunachanga sanda mbili.

Sasa ni kitu gani kile? Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala kooni. Ndani ya damu yetu kuna kitu kinachobeba oksijeni, kiitwacho himoglobini. Sumu hii hukishika kitu hicho kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo mtu anaendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi tena kile anachokihitaji. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kichefuchefu, mwili hulegea, usingizi huzidi. Aliyekwisha kulala hupita kutoka usingizini kwenda mautini bila kujua.

Yako mawazo potofu kuhusu jambo hili ambayo hayana budi kusahihishwa.

Wapo wanaosema kwamba moto ukishakolea na moshi ukaisha, jiko halina madhara. La hasha! Moshi na sumu hii ni vitu viwili. Makaa mekundu yasiyo na moshi, na hata yale yaliyofunikwa majivu, yanaendelea kuitoa.

Wapo wanaoweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini kwamba maji yanavuta sumu. Hayavuti. Maji yanaongeza mvuke tu, na mvuke tumekwisha kuona unavyokwenda kulisha kuvu.

Wapo wanaoacha dirisha wazi upana wa kidole wakadhani wamejikinga. Mtu aliyelala hana namna ya kujua kama upenyo huo unatosha. Kanuni iliyo salama ni moja tu: jiko la mkaa halilali chumbani pamoja na watu. Basi.

Na wapo wanaompa maziwa mtu aliyezidiwa. Sumu hii haiko tumboni, iko katika damu. Aliyepoteza fahamu ukimnywesha maziwa unaweza kumpalia. Msaada wa kwanza ni kufungua milango na madirisha, kumtoa nje haraka kwenye hewa safi, kulitoa jiko, na kumpeleka hospitali hata kama amezinduka, maana huko atapewa oksijeni, ambayo huisafisha damu kwa haraka zaidi kuliko hewa ya kawaida. Mama mjamzito asichelewe hata kidogo, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi. Na kama watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa asubuhi na wakitoka nje wanapata nafuu, wasikimbilie dawa ya malaria kabla ya kulitazama jiko.

Baada ya kuelewa hayo, tuje kwenye kazi yenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Mei, mvua zikikatika, ndio wakati wa mwenye nyumba kuizunguka nyumba yake.

Aanzie juu. Apande atazame mabati yaliyoinuka na misumari iliyolegea. Asafishe mifereji ya maji ya mvua, maana ukuta ulionywea maji wakati wa masika hubaki baridi na kuota kuvu kipupwe kizima. Kama nyumba haina dari, aweke. Hewa ya joto hupanda juu, na chini ya bati tupu ni sawa na kulala na mlango wazi. Dari ya mbao laini, ya jasi, au hata ya mikeka iliyokazwa vizuri huacha tabaka la hewa kati ya chumba na bati, na tabaka hilo ndilo blanketi la nyumba. Faida yake haiishi Agosti. Mwezi wa Oktoba, jua linapowaka, dari hiyo hiyo hupunguza joto.

Ateremke kwenye kuta na madirisha. Nyufa zizibwe, vioo vilivyovunjika virudishwe, mwanya ulioko kati ya ukuta na bati uzibwe. Lakini, na hapa nasisitiza, matundu ya hewa yaliyojengwa makusudi juu ya dirisha yasizibwe. Kama panya wanapita, awekwe wavu. Upepo unaopenya kwenye ufa ni adui, ila hewa inayopita juu ya kichwa na kutoka na mvuke ni rafiki. Watu wengi wanavichanganya viwili hivi.

Nyumba za zamani za Lushoto, Iringa na Mufindi zina mahali pa kuotea moto penye dohani. Hizo ni neema, lakini dohani isiyosafishwa mwaka mzima huzibwa na masizi na viota vya ndege, na moshi pamoja na sumu yake hurudi chumbani. Isafishwe kabla moto wa kwanza haujawashwa.

Kisha umeme. Hita ya chumba ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa. Ikiwaka saa 8 za usiku, hizo ni uniti 16. Katika nyumba ambayo wapangaji sita wanachangia LUKU moja, hita moja ya siri inatosha kuleta ugomvi wa mwezi mzima. Basi jambo hilo lizungumzwe wazi mapema. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko ugomvi ni moto. Hita ya namna hiyo huvuta umeme mwingi, nayo ikichomekwa kwenye waya mwembamba wa kuunganishia pamoja na pasi na televisheni, waya hupata joto na kuyeyuka. Ichomekwe peke yake, kwenye soketi ya ukutani iliyo imara, mbali na kitanda na mapazia, na nguo zisianikwe juu yake. Ile hita ya bafuni inayopasha maji papo hapo huvuta zaidi, hata wati 5,000, na inahitaji waya wake mnene, swichi yake ya kujikata, na waya wa kuingia ardhini. Ifungwe na fundi aliyesomea, siyo kijana wa mtaani anayejua kuunganisha redio.

Na mwisho, banda la jiko. Mwenye nyumba anayepangisha vyumba bila kuacha mahali pa kupikia amewaambia wapangaji wake, bila kutamka, wapikie walalapo. Banda la mabati manne na nguzo, lililo wazi pande mbili, ni gharama ndogo kuliko jeneza.

Mpangaji naye ana sehemu yake. Ni rahisi zaidi kumpasha joto mtu kuliko kukipasha joto chumba. Blanketi zito, soksi, kofia ya mtoto, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa hufanya kazi ambayo jiko zima haliifanyi. Baridi nyingi hutoka chini: godoro lililo sakafuni liwekewe mkeka, maboksi makavu au chaga. Kitambaa kilichokunjwa kiwekwe chini ya mlango. Kabati lisogezwe kidogo kutoka ukutani ili hewa ipite. Asubuhi jua likichomoza, madirisha yafunguliwe kwa nusu saa, mvuke wa usiku utoke. Nguo zianikwe nje. Kuvu ikionekana ioshwe kwa maji na sabuni, mtu akiwa amefunika pua na mdomo, na chanzo cha unyevu kitafutwe, la sivyo itarudi.

Msikilizaji mmoja ataniuliza: na mwenye nyumba akikataa? Wapangaji wengi hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa, "Kama huridhiki, hama." Na mtu aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita atahamia wapi? Ni vizuri basi pande zote zijue kwamba Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inahesabu kwamba katika upangaji yamo masharti fulani. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa kwa muda wote wa upangaji. Na inapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na sehemu zinazotumiwa na wote ni juu ya mwenye nyumba kuziweka katika hali nzuri. Mpangaji kwa upande wake alipe kodi, atunze alichokabidhiwa, na amruhusu mwenye nyumba kuja kukagua kwa wakati unaofaa.

Lakini sheria ni fimbo ya mwisho. Njia ya kwanza ni mazungumzo. Kule Mbeya, wiki ile ile ya tukio, sisi wapangaji tulikwenda kwa mzee jioni. Hatukwenda kwa kelele. Mkubwa wetu kwa umri ndiye aliyesema: "Shikamoo mzee. Tumekuja kuomba banda letu la jiko." Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hela sina." Tukamwambia tutanunua mabati na nguzo sisi, tuwe na risiti, naye akate katika kodi ya mwezi unaofuata. Akakubali, tukaandikiana. Baada ya siku nne banda lilikuwa limesimama. Matundu ya hewa aliyazibua mwenyewe kwa patasi, chumba baada ya chumba, akianzia na kile cha yule dada.

Ndugu msikilizaji, wewe uliyepangisha nyumba yako, kipupwe hakijafika. Unayo siku kadhaa za kupanda ngazi na kutazama paa. Na wewe uliyepanga, usiku wa leo kabla hujajifunika, tazama jiko liko wapi. Kama liko ndani, inuka ulitoe.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.